Uwanja Una Mwenyewe

Jumamosi, 1 Februari 2025

Leo nimetukanwa katika shamba langu mwenyewe. Kwa adabu, kwa tabasamu, lakini nimetukanwa.

Ilikuwa siku ya wageni ya Klabu ya Marubani wa Mlimani. Magari kutoka Nairobi. Miwani myeusi. Watoto wakikimbia kwenye nyasi, mikono wameinyoosha kama mabawa. Mimi nimevaa koti nililovaa kwenye harusi ya Wendy, binti yetu. Nimesimama kando ya banda la ndege, pale mwenye uwanja anapostahili kusimama. Hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Mama mmoja akanipa kikombe kichafu. Nikakipokea! Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Kisha Daktari Kagwiria, mwenyekiti wa klabu, akapanda juu ya kiti akawaambia wageni, "Karibuni kwenye uwanja wetu."

Wetu!

Huyu Kagwiria ni daktari wa mifugo, mtu wa Meru, anakaa Nanyuki. Hutua hapa na ndege yake nyeupe kama mtu anayeingiza baiskeli nyumbani kwake. Simchukii. Kodi klabu inalipa, sina neno. Lakini uwanja huu niliutengeneza mimi. Nilipong'oa kahawa ya marehemu baba na kusawazisha ardhi, Gatitu yote ilicheka. Walisema Ngatia amepanda upepo. Jirani yangu Wamae aliniuliza mbele ya watu kama upepo huvunwa mara moja kwa mwaka au mara mbili. Leo ndege zinatua, na sifa inaenda wapi? Kwa klabu.

Nilimfuata Kagwiria, nikamweleza matakwa yangu. Kwanza, kibao kikubwa langoni chenye jina langu. Pili, kila rubani akiita kwenye redio, aseme "Uwanja wa Ngatia", sio "Gatitu". Akanisikiliza vizuri. Akasema kamati itakaa.

Kamati! Mimi nikitaka chai sikalishi kamati.

Jumapili, 2 Februari

Kanisani. Mchungaji amemshukuru Wamae kwa kuleta greda yake kusawazisha uwanja wa kanisa. Watu wakapiga makofi. Wamae akainuka nusu, akaketi, akainuka tena. Mtu mmoja, kuinuka mara mbili!

Njiani nilimwambia Watiri kwamba klabu itanijua. Mke wangu ni mtu wa maneno machache. Aliniuliza kwa nini nisingoje kamati ikae. Nikamjibu kwamba simba haombi ruhusa kwa swala. Akasema hajaona simba tangu tuoane, na tena kuku hawajafungiwa.

Nimeamua. Kufuli.

Jumatatu, 3 Februari

Asubuhi nilinunua kufuli mjini. Kubwa, zito, kufuli la mtu asiyetaniwa. Nikafunga geti la uwanja, nikaweka kigoda nje, nikaketi. Anayetaka ndege yake aje aseme hodi kwa mwenyewe.

Wa kwanza kuja alikuwa Nduta. Bahati mbaya. Nduta ni mwalimu wa hesabu kutoka Mukurweini anayejifunza urubani, na katika klabu nzima ndiye peke yake anayenisalimu kabla ya kusalimu ndege. Alifika kwa boda boda na mkungu wa ndizi. Nilimweleza kwa huzuni kwamba geti limefungwa kwa sababu za kiutawala. Hakubisha. Aliketi kwenye nyasi kando yangu, akanimenyea ndizi. Tukala. Tukaongea juu ya mvua, juu ya watoto wa siku hizi na hesabu ya sehemu. Asubuhi nzuri kweli. Nikaanza kuona kwamba utawala unanifaa.

Ndipo nikasikia injini. Kagwiria. Akazunguka mara moja, akatua, akateremka, akaja getini akitembea polepole. Yeye ndani. Mimi nje.

Sikuwa nimefikiria hilo. Kufuli la kuzuia watu wanaotoka juu!

Basi nikasema nitafungua, ili tuzungumze kama watu wazima. Nikapapasa mfuko. Nikapapasa mwingine. Ufunguo hakuna. Nadhani niliutupa kwenye majani ya ng'ombe pamoja na maganda ya ndizi. Nduta alinisaidia kutafuta, na hakucheka, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Mwishowe Kagwiria aliuliza kupitia geti, "Mzee, nikusaidie?" Akarudi bandani, akaleta mkasi wa kukata chuma, akakata kufuli langu kutoka ndani. Kisha akanikaribisha.

Amenikaribisha. Kwangu.

Jumatano, 5 Februari

Jana nilipumzika na kufikiri. Leo nimetekeleza.

Ng'ombe! Ndege haiwezi kubishana na ng'ombe. Sheria yoyote utakayoandika, ng'ombe hasomi. Asubuhi niliwatoa ng'ombe wote wa Watiri, nikawaachilia katikati ya uwanja. Nikajificha nyuma ya banda kutazama aibu ya klabu.

Kagwiria alikuja kwa gari na wanachama wawili. Wakasimama. Wakatazama. Kisha wakaanza kufurahi! Kumbe kwa mwezi mzima walikuwa wakitaka kuniomba nikate nyasi, wakaona haya. Mmoja akawapiga ng'ombe picha. Nilitoka nyuma ya banda haraka kusema kwamba hii ni hatua kali. Nikashikwa mkono na kushukuriwa.

Hapo nikageuka, nikamwona Nyange, ng'ombe mkubwa wa Watiri, amesimama kando ya ndege nyeupe aliyoiacha Kagwiria tangu Jumatatu, anairamba. Anairamba bawa kwa ulimi mrefu, macho amefumba, kama mtoto na sukari. Kagwiria hakupiga kelele. Alienda, akamfungua mdomo, akamtazama ufizi, akampapasa ubavu.

"Mzee," akasema, "hii ng'ombe inakosa chumvi. Mtu wa kununua chumvi hapa ni nani?"

Wakati huo Watiri alikuwa amefika akitafuta ng'ombe wake. Mtu wa kununua chumvi ni mimi. Nilitumwa kabla ya Krismasi.

Watiri na Kagwiria wakaongea juu ya maziwa hadi saa sita. Wakakunywa chai. Nilipopita walinyamaza, kisha nikasikia wakicheka. Sasa hata nyumbani kwangu kuna kamati.

Alhamisi, 6 Februari

Habari mbaya. Mbaya sana.

Watiri amerudi kutoka kusaga mahindi kwa posho mill na neno. Wamae amewaambia klabu kwamba ana shamba tambarare, ana greda, na hana masharti. Ati kibao hataki. Ati jina hataki. Marubani waje tu, yeye ni mtu wa watu. Na kamati imekaa! Ile kamati isiyoweza kukalia kibao changu imekalia shamba la Wamae siku moja ikamaliza. Watalitazama Jumatatu.

Nilicheka kwa sauti, Watiri asikie. Kisha nikaenda nje peke yangu, nikatembea uwanja mzima hadi mwisho na kurudi.

Niliuliza, klabu ikihama, huu uwanja utakuwa nini? Watiri akasema bila kuinua macho kutoka kwa maharagwe anayochambua: "Viazi, Baba Wendy."

Viazi! Watu watapita barabarani waseme, unaona viazi vile? Hapo ndipo Ngatia alikuwa na ndege. Wamae atauliza upepo ulivunwa ukaisha? Marehemu baba aliniachia kahawa, na mimi nikamwambia mama machoni mwake kwamba naing'oa kwa jambo kubwa zaidi. Mama alinyamaza siku ile. Sitaki kujua alikuwa anafikiri nini.

Hapana. Hakuna viazi.

Ijumaa, 7 Februari

Mpango huu ni bora kuliko yote. Ninaandika nikiwa na furaha, na matope.

Uwanja wa ndege una adui mmoja: fuko. Fuko mmoja akichimba usiku, asubuhi una vichuguu ambavyo gurudumu la ndege haliwezi kupita. Je, shamba la Wamae likikutwa na fuko Jumatatu? Mungu akiwapeleka fuko kwa Wamae, nani atamlaumu Ngatia?

Nikamtafuta Gicheru, mtega fuko wa soko la Gatitu. Huwa anauza mikia yao kwa wakulima kama ushahidi wa kazi. Nikamwambia nawataka wazima. Alinitazama, akauliza kama nimeanza kuwala. Nikasema ni siri ya kilimo. Gicheru ni mtu wa kujisifu. Aliapa kwamba gunia lake halijawahi kutorokwa na kiumbe, kwamba alishawahi kubeba nungunungu ndani yake mpaka Kerugoya. Nikaamini. Jioni jua likiwa bado juu kidogo akanikabidhi gunia linalosogea.

Njia fupi ya kwenda kwa Wamae inakata uwanja wangu. Gunia lilikuwa zito. Katikati nikaliweka chini kupumua. Nikatazama Mlima, mawingu yameachana, theluji ile kidogo iliyobaki inang'aa. Nikamshukuru Mungu kwa uzuri wa nchi yetu.

Nilipoinua gunia lilikuwa jepesi.

Fuko ana meno! Kwa nini Gicheru hakusema kwamba fuko ana meno? Wametoboa chini, wakateremka mmoja mmoja kwa utulivu, kama abiria. Wa mwisho nilimwona mkia tu, akizama katika ardhi yangu. Nilimshika. Akaniuma.

Kidole kimefungwa kitambaa. Nimemwambia Watiri ni msumari.

Jumatatu, 10 Februari

Vichuguu. Kila mahali vichuguu. Uwanja wangu unafanana na uso wa mtu mwenye tetekuwanga.

Kagwiria alikuja na Nduta. Wakatembea juu yake. Nikaeleza kwamba udongo unajipumzisha, ni kawaida mwezi wa pili. Kagwiria akainama, akaokota kipande cha gunia, akakitazama, akakiweka mfukoni.

Kisha akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililonikera kabisa. Alisema klabu inanipenda, lakini wana wanafunzi wanaoruka, na mwanafunzi hapaswi kutua akiwaza kufuli, ng'ombe na mashimo. Upande mmoja bado unafaa, watautumia kwa uangalifu wiki hii. Greda ya Wamae ikimaliza, Jumapili wanahama.

Nduta alinipa ndizi, akaangalia kando.

Nikasimama wima. Nikasema, "Hamnihami! Mimi ndiye nawafukuza!"

Kagwiria akasema ni sawa pia, matokeo ni yale yale.

Nimesawazisha vichuguu vichache kwa jembe, kwa hasira tu, sio kwa ajili yao. Vimerudi.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Nimemletea Watiri chumvi ya ng'ombe, mfuko mzima. Aliutazama kwa muda mrefu, akauliza nimefanya nini tena.

Sijafanya kitu. Nitafanya kesho. Nimegundua kosa katika mpango wa klabu. Ndege zao zote zimo bandani mwangu. Ili zihame, lazima ziruke. Ili ziruke, lazima zikimbie kwenye nyasi zangu. Kesho nafunga waya wa seng'enge uwanja mzima, upande hadi upande, juu ya nguzo. Hahami mtu bila kuja kwangu, kofia mkononi, aseme: Mzee Ngatia, tunaomba ruhusa kutoka kwenye uwanja wako.

Wako! Watalitamka. Nitawaruhusu, labda. Baada ya kamati yangu kukaa.

Jumamosi, 15 Februari

Nitaandika ilivyokuwa.

Asubuhi nilienda mjini kununua seng'enge. Niliporudi uwanja ulikuwa mtupu, banda limefungwa, hakuna gari. Nikachimba, nikasimamisha nguzo, nikavuta waya. Nilifanya kazi nzuri. Hata Wamae, aliyekuwa akiangalia greda yake upande wa pili, alisimama kunitazama.

Mchana ukungu ukashuka kutoka Nyandarua. Sio ule wa kawaida. Huu ulikuja kama blanketi mtu anapolivuta. Mlima ukapotea, kisha mti wa muringa kando ya barabara, kisha paa la kanisa.

Simu ikalia. Kagwiria. Sauti yake haikuwa ya upole tena.

"Mzee, Nduta yuko juu."

Nikasema Nduta gani, banda limefungwa. Akasema Nduta aliondoka nikiwa mjini, peke yake, safari yake ya kwanza ya mbali, Kerugoya na kurudi. Yeye mwenyewe Kagwiria alikuwa barabarani kutoka Nanyuki, kwa gari, na kote alikopita kumefunikwa. Nduta amemwambia kwenye redio aliyonayo garini kwamba anaona kipande kimoja tu cha ardhi chini yake. Ni Gatitu. Kwa Wamae udongo bado ni laini, ndege itapinduka.

"Uwanja wako uko sawa?" akaniuliza.

Uwanja wako. Aliyasema yale maneno, na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya waya wangu wa seng'enge, nguzo baada ya nguzo.

Nikamwambia, "Dakika kidogo," nikatupa simu.

Sijawahi kukimbia hivyo. Nilivuta nguzo ya kwanza kwa mikono. Haikutoka. Kwa nini nilichimba vizuri hivyo? Maisha yangu yote ua ninaojenga unaanguka mbuzi akiuegemea, na leo ndiyo siku ya kuchimba vizuri! Nikamwita Watiri. Alikuja na panga, akaona waya, akaniona mimi, akaanza kukata kamba nilizofungia waya kwenye nguzo. Injini tukaisikia juu ya ukungu. Ikaja, ikapita, ikaenda. Ikarudi, chini zaidi.

"Wamae!" nikaita. Jina hilo sijawahi kuliita kwa sauti kubwa tangu shule ya msingi. "Wamae! Kuja na greda!"

Alikuwa ameshaanza kuja. Aliingia na ile mashine yake ya manjano akiwa amesimama, akinipigia kelele nitoke mbele, na akakokota seng'enge yote na nguzo zake hadi kando, kama mtu anayevuta uzi kutoka kwa nguo. Akarudi akalaza vichuguu kwa blade, lile bamba la chuma. Sisi wengine tukakanyaga vilivyobaki kwa miguu, mimi na Watiri na Gicheru, ambaye alikuwa anapita na mitego yake akaingia tu bila kuuliza. Tulikuwa tunarukaruka pale kama watu wa ngoma.

Kisha ndege ikatokea ndani ya weupe, ndogo, taa moja, ikiyumba. Watiri alinishika mkono, kile kidole kilichoumwa. Nilinyamaza.

Magurudumu yaligusa, yakaruka, yakagusa. Bawa moja likainama hadi nikafumba macho. Nilipofumbua ndege ilikuwa imesimama mbele ya banda, propela inazunguka polepole, halafu haizunguki.

Nduta alishuka mwenyewe. Akatembea hadi kwangu. Akanipa mkono. Akasema, "Asante, Mzee, kwa kuniwekea mahali." Kisha akatapika kwenye viatu vyangu vya gambuti.

Nilikaa chini. Watiri ananiambia nilikaa muda mrefu, na kwamba nilikuwa nasema "amefika, amefika" kama mtu wa homa. Sikumbuki. Nakumbuka Wamae akinipa chupa ya maji, akiifuta mdomo kwanza kwa shati lake.

Kagwiria alipofika alimkumbatia Nduta. Halafu akaona rundo la seng'enge kando. Akalitazama. Akanitazama.

"Hiyo waya ilikuwa wapi?"

"Waya gani?" nikasema.

Watiri akakohoa. Wamae akatazama angani. Nikamwambia ukweli. Yote: waya, fuko, kila kitu. Sijui kwa nini. Labda ni gambuti. Kagwiria aliketi kwenye tairi la greda, akasema, "Mzee, ungemuua." Nikasema najua.

Jumapili, 16 Februari

Mchungaji amewashukuru Mungu, Nduta, na "ndugu zetu wawili, Ngatia na Wamae". Tukaambiwa tuinuke pamoja. Tukainuka. Wamae aliinuka kabla yangu kidogo, lakini leo sikuhesabu. Nimehesabu tu kwamba alianza.

Baada ya ibada Kagwiria alikuja nyumbani na Nduta. Alisema Wamae mwenyewe amewaambia wabaki: shamba lake anataka kupanda parachichi, na pia ati uwanja usio na mtu wa kukimbia mbele ya ndege sio uwanja. Klabu itabaki. Kwa masharti: hakuna kufuli, hakuna ng'ombe, hakuna fuko, hakuna waya. Nikakubali yote. Aliponyoosha mkono niliushika kwa mikono miwili.

Halafu akaniomba msamaha, mimi! Alisema siku ile ya wageni alipaswa kunipandisha kwenye kile kiti kando yake. Hakujua neno "wetu" lina uzito hivyo kwangu. Nikasema ni jambo dogo.

Nduta alicheka hadi akaweka kikombe chini.

Jumamosi, 22 Februari

Siku kubwa ya maisha yangu. Kibao kimesimama langoni: UWANJA WA NDEGE WA NGATIA, herufi za buluu, zinasomeka kutoka barabarani. Wendy amekuja kutoka Nairobi. Wamae amekuja, akasoma jina langu kwa sauti, taratibu, kama anayejifunza kusoma, akasema linafaa. Hakuna kikombe kichafu nilichopewa.

Nilisema maneno machache. Nilisema nimejifunza unyenyekevu. Watu wakapiga makofi. Nilisema mtu ni watu, na ardhi ni ya Mungu, sisi ni walinzi tu. Watiri alilia kidogo. Mimi mwenyewe niliguswa na maneno yangu.

Kisha Kagwiria akanipandisha kwenye ndege yake. Mara ya kwanza! Miaka yote hii natazama matumbo ya ndege, leo nimeona migongo ya nyumba. Tukapanda juu ya Gatitu, kanisa kama kiberiti, ng'ombe wa Watiri kama maharagwe. Kwenye redio Kagwiria akasema, "Uwanja wa Ngatia, tunazunguka kutua." Nikamwomba arudie. Akarudia.

Akainamisha bawa ili nione vizuri mali yangu. Nikaona. Njia ya kijani, ndefu, imenyooka kama rula. Na nikaona ua wa miiba ya kayaba, ule ambao babu alipanda uwe mpaka kati yetu na kina Wamae. Ukiwa chini unauona umenyooka kama rula nyingine. Ukiwa juu haujanyooka. Unapinda. Mbele kabisa, pale ndege zinapoinua pua, ua unaishia pale tulipoufyeka zamani pamoja na magugu, na alama yake inakata uwanja kona kwa kona. Kipande chote cha mwisho, pale nyasi zilipo nzuri zaidi, kiko upande wa Wamae.

Kagwiria akaniuliza, "Mzee, hiyo ua mbona inaingia ndani ya uwanja?"

Nikamwambia ni kioo cha dirisha. Kinapinda vitu.

Akasema, "Haya."

Hajui kitu. Wamae hajui kitu, hawezi kujua, hajawahi kupanda ndege. Lakini wamesema wiki ijayo wanataka kumpandisha naye, kumshukuru! Nimekaa na jambo hili tangu jioni, na nimetulia kabisa. Mtu mwenye akili hahangaiki. Kesho baada ya kanisa naenda kwa kitalu cha miche. Mikaratusi! Hakuna mti unaokua haraka hivyo. Nitaipanda safu mbili, nene, pale mwisho wa uwanja, juu ya ua wote, na kwa miaka michache hakuna jicho litakaloona kitu kutoka juu. Wiki hii nitafunika kwa majani ya ndizi.

Watiri ameniuliza ndege zitapita wapi, miti mirefu ikiwa mwisho wa uwanja.

Nimemwambia huo ni upande wa marubani. Wao ndio wanajua kupaa. Uwanja una mwenyewe.